Kwa Nini Gari Langu Limeinuka

Tangu nirudi kutoka Msanga mmekuwa mkinizunguka pale gereji mkiuliza. Taa zimekwenda wapi? Honi je? Mbona gari limesimama juu kama la mkaguzi wa shule? Nami nimekuwa nikijibu "basi tu" na kuinamia kazi, maana mnanijua, maneno yangu hukwama. Elia amewasimulia vipande vipande, na kila anaposimulia gari linazidi kuchekesha na mama anazidi kusahauliwa. Kwa hiyo nimenunua daftari. Nimeandika jioni baada ya kazi, mistari michache kila siku. Someni mpokezane, kisha msiniulize tena.

Kariakoo

Naanza na gari, kwa ajili ya yule ambaye hakuliona lilivyokuwa. Ni lile dogo la milango miwili, la bei ya chini kabisa, ambalo makarani hununua. Mwenyewe wa kwanza aliligonga kwenye nguzo ya taa akaliacha uani kwa bosi wetu Gerezani. Bosi akaniambia, "Kibwana, kama unalitaka lichukue, utaniondolea uchafu." Nilikuwa na miaka kumi na saba.

Miaka miwili sikufanya jambo jingine. Niliondoa majani matatu ya chuma katika kila springi ili likae chini, tumbo likiambaa barabara. Nilikata bomba la moshi likanguruma. Nilitia kabureta ya lori. Mbele ya rejeta nilifunga bamba la bati nililolisugua mpaka likawa kioo. Niliongeza taa nne na honi ya sauti tatu. Rafiki yangu Elia, Mchagga anayeuza vitunguu na maharage dukani kwa mjomba wake, ana mkono mzuri wa herufi, akaandika nyuma kwa rangi nyekundu: NIPISHE. Jumamosi watu waliliazima kubebea maharusi, kwa hiyo nililipamba kwa maua ya karatasi na tepe nyeupe. Nikipita Mtaa wa Kongo sikuhitaji kumwamkia mtu. Nilibonyeza honi tu, watu wakanipungia mkono.

Siku ile ilikuwa Jumapili, saa tatu asubuhi. Jana yake tulikuwa tumebeba harusi ya Ilala, na maua yalikuwa bado yapo. Nilikuwa nalifuta vumbi mbele ya nyumba yetu nikamwona Mzee Mihambo anashuka kutoka juu ya lori la mihogo lililotoka Msanga.

"Shikamoo, Mzee Mihambo."

"Marahaba, mwizi mdogo. Mama yako yuko wapi? Mwambie yule kikongwe aliyekuwa akiniibia kuku ameondoka alfajiri. Sasa nitalala vizuri."

Kikongwe huyo ni bibi yangu, mama wa mama. Mzee Mihambo ni Mnyamwezi nasi ni Wazaramo, kwa hiyo ni mtani wetu. Mtani halii msibani. Kazi yake ni kumtukana marehemu na kuwasumbua wafiwa, na ni mwiko kumkasirikia. Alikuja pwani ujanani kufanya kazi ya reli, akaoa Msanga, akajenga jirani na bibi, na miaka yote hiyo walikuwa wakitukanana kila asubuhi kabla ya uji. Nayajua hayo. Hata hivyo asubuhi ile nilimchukia.

Mama alikuwa uani akipepeta mchele. Aliuweka ungo chini.

"Wanazika lini?"

"Baada ya alasiri. Nimewaambia wakungoje, wamesema mpaka alasiri, zaidi ya hapo hapana. Joto."

Mara ya mwisho mama na bibi waliachana kwa maneno. Bibi alitaka mama aache mji akakae naye Msanga, mama akakataa, akapanda basi bila kuaga vizuri. Sasa alisimama pale ameshika kanga yake kifuani. "Uso tu," aliniambia. "Nataka nimwone uso na nimwombe radhi. Wakishamfunika nitamwomba nani?"

Basi la Maneromango, linalopita Msanga, huondoka alfajiri. Lilikwisha kwenda. Majirani waliokuwa wamekusanyika wakaligeukia gari langu. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisema moyoni, leo watajua gari hili ni nini.

Geti la reli

Elia alitokea kanisani amevaa suti na tai, akasikia habari, akapanda hivyo hivyo. Mama alikaa nyuma kwa sababu viti vya nyuma alikuwa amevizoea, amejifunika buibui mpaka usoni. Elia alikaa kando yake. Mzee Mihambo alikaa mbele nami, magoti yakigusa kidevu.

Gari halikuwaka. Kabureta ya lori hulevya injini ndogo kwa petroli, hilo nililijua, lakini siku zote huwa sina haraka. Nilizungusha hendeli ya kuwashia injini mpaka mikono ikaishiwa nguvu. Mwishowe wapagazi wanne wa sokoni waliacha mikokoteni yao wakatusukuma.

"Limekula nini hili?" mmoja aliuliza huku akisukuma.

"Limekula akili ya mwenyewe," alijibu Mzee Mihambo kupitia dirishani.

Likawaka karibu na Gerezani, na moshi wake ukawafunika wapagazi wote. Nilifikiri tumepona. Tukafika kwenye geti la reli, geti likafungwa mbele ya pua yetu.

Ilikuwa treni ya mizigo ya bandarini. Ilipita mbele, ikasimama, ikarudi nyuma, ikafunga mabehewa mengine, ikaenda tena mbele. Nilihesabu mabehewa mpaka nikapoteza hesabu. Nilihofia kuzima injini, kwa kuwa ingekataa tena, na nikiiacha ikiunguruma harufu ya petroli ilijaa ndani. Mama alikohoa chini ya buibui.

"Saa ngapi, Elia?"

"Saa nne na dakika kumi, mama."

Mzee Mihambo alitoa kichwa nje akasoma neno lililoandikwa nyuma, herufi moja moja. Akarudi ndani. "Ni-pi-she. Basi iambie na treni ikusome."

Wenye baiskeli waliokuwa wakingoja kando yetu walicheka. Nilitazama usukani.

"Saa ngapi sasa?" mama aliuliza.

"Nne na nusu," Elia alisema, na kwa mara ya kwanza naye sauti yake ilikuwa ndogo.

Buguruni

Mnaijua ile barabara inavyokuwa baada ya mvua. Tulipoingia Buguruni gurudumu la mbele lilitumbukia shimoni, na kwa kuwa springi zilikuwa hazina nguvu, bodi ilipiga chini kwa kishindo. Nyaya zangu zote, za taa nne na za honi, nilizibana mahali pamoja. Zikagusana. Honi ikaanza kulia yenyewe, sauti zote tatu, na haikunyamaza.

Palikuwa na wanawake wengi kwenye bomba la maji. Walisikia honi, wakaona maua na tepe nyeupe. Waliona kijana aliyevaa suti na tai, na kando yake mwanamke aliyefunikwa gubigubi akilia. Kigelegele cha kwanza kilipigwa na mmoja, kisha ikawa kama bomba limepasuka. Wawili walishika kanga huku na huku wakaitandaza barabarani.

"Hapiti mtu! Kwanza tumwone bibi harusi!"

"Bwana harusi kafunga tai, tazameni!"

"Jamani mwali analia! Usilie, mwanangu!"

Nilitakiwa kusema neno moja tu, msiba. Nilifungua mdomo. Watu walikuwa kila upande, wanacheza, wanagonga bodi kwa viganja, na honi inalia, na neno halikutoka. Nilitabasamu. Sijui kwa nini nilitabasamu.

Mzee Mihambo akazidi kuharibu. "Bibi harusi mwenyewe mzee!" alipiga kelele. "Mnamtaka, mnipe mbuzi!" Wanawake wakashangilia.

Mmoja, mtu mzima aliyekuwa na debe la maji kichwani, aliinamia dirisha la nyuma bila kumwaga hata tone. Akasema kwa upole, "Jifunue kidogo tukuone, mwanangu. Usilie. Sote tulilia siku yetu, tukazoea."

Mama akainua buibui usoni.

"Nakwenda kumzika mama yangu," alisema.

Aliyesikia alikuwa yule mwenye debe peke yake. Alilishusha debe chini. Aligeuka akawatazama wenzake, akaweka mikono kichwani, na wote wakaelewa. Vigelegele vilikatika. Kilichobaki ni honi yangu, sauti tatu za furaha, juu ya watu walionyamaza.

Nilitoka na koleo, nikafungua boneti, nikakata kila waya niliouona. Kwa haraka nikajikata kidole. Nilipoinua kichwa wanawake walikuwa tayari wanang'oa maua ya karatasi. Hawakuniuliza. Waliyang'oa harakaharaka, wakazichana tepe, kama watu wanaozima moto. Yule mwenye debe alikuwa ameingiza mikono yote miwili dirishani, ameshika mikono ya mama, anasema "tusamehe, tusamehe", na mama anamwambia hapana, nyinyi hamkujua.

Kisha walitusukuma, maana injini ilikuwa imezimika. Saa tano na robo.

Kilima cha Pugu

Tukapita Ukonga. Nilipoanza kupanda Pugu niliona mvuke unatoka mbele. Nikajifanya sikuuona. Nusu ya mlima maji yakachemka yakaruka mpaka kwenye kioo, na gari likasimama.

Lile bamba langu la kung'aa lilikuwa limeizuia rejeta isipate upepo. Mjini, mwendo wa kutoka Gerezani hadi Mnazi Mmoja, haikuwa na neno. Mlimani ilikuwa sawa na kumziba mtu pua. Nililifungua kwa bisibisi, likaniunguza, nikalitupa majanini.

Hatukuwa na maji. Mzee Mihambo, bila kuambiwa, alichukua kopo akatelemka kwenda stesheni ya Pugu, ambako alifanya kazi zamani. Alirudi na maji, na pia mihogo ya kuchoma ndani ya jani la mgomba. Alimpa mama, mama akatikisa kichwa. Akanipa mimi, sikutaka. Elia alikula kipande kimoja kwa aibu. Mzee Mihambo akaketi juu ya jiwe akala iliyobaki yote, akilamba chumvi vidoleni.

"Mfiwa hali," alisema, "kwa hiyo mtani humlia. Na yule kikongwe alikuwa mchoyo wa mihogo, leo lazima nile mpaka anione."

"Nyamaza!" nilisema.

Elia aliniangalia kama nimepiga mtu. Hata mimi nilishtuka. Siku nzima sauti haikutoka, na ilipotoka ilikwenda kwa mtani. Mzee Mihambo aliacha kutafuna.

"Kibwana." Mama alikuwa ameshuka, amesimama kivulini mwa gari. "Unajua nani amekesha na bibi yako wiki hii yote? Mimi sikuwapo. Wewe hukuwapo. Huyu alikuwa mlangoni kwake kila usiku, anamtukana ili acheke. Mwombe radhi."

Sikuweza. Nilimimina maji kwenye rejeta polepole, yakinguruma, huku nikiona haya mpaka masikioni. Mama hakurudia. Aliuliza tu, "Elia, saa?"

"Saba kasoro, mama."

Baada ya Kisarawe

Tulifika Kisarawe saa nane. Ilibidi kutafuta petroli, kwa sababu kabureta ilikuwa imeinywa yote. Mwenye duka mmoja alikuwa nayo kwenye debe lakini alikuwa amelala baada ya chakula, na mkewe alihofia kumwamsha. Tulingoja. Mke yule alimletea mama dafu na akakaa naye chini bila kumuuliza chochote. Mama alikunywa mafunda mawili. Mwenye duka alipoamka na kuambiwa ni msiba, alimgombeza mkewe kwa kutomwamsha, na hapo tena zikapotea dakika za kugombeza.

Kutoka Kisarawe hakuna barabara ya kusema ni barabara. Ni mchanga. Malori ya mkaa na machungwa yamechimba mifereji miwili ya magurudumu, na katikati umebaki mgongo wa mchanga na nyasi unaofika magotini. Gari la kawaida hupita juu ya mgongo huo. Langu lilikuwa likiukwangua. Nilisikia kila kokoto likipita chini ya miguu yangu. Niliendesha huku nimejiinua kitini, kana kwamba nikijipunguzia uzito mimi gari nalo litainuka.

Kisha sauti ya kukwangua ikakoma, na hatukuwa tunakwenda. Magurudumu yalizunguka. Nilishuka kutazama. Gari lilikuwa limelala tumbo juu ya mgongo wa mchanga, na magurudumu ya nyuma yananing'inia hewani.

Tulichimba kwa mikono na kwa kifuniko cha gurudumu. Elia alivua koti, akavua tai, akalala chini na suruali yake ya kanisani. Mchanga tuliotoa ulirudi. Tulikata matawi tukayapanga chini ya magurudumu, yakatupwa nyuma kama majani. Mama alisimama kando akitazama jua.

Mzee Mihambo alikuwa amechutama, anatazama chini ya gari. Nilingoja mzaha. Hakufanya mzaha.

"Halitoki," alisema. "Kwa miguu yako ya mjini, mama Kibwana, kutoka hapa ni saa mbili. Kwa njia ya mikorosho mimi nitatumia nusu yake." Alivua makubazi akayashika mkononi, akaipandisha kanzu akaifunga kiunoni. "Nitakwenda nilale kaburini, ni haki yangu ya utani. Wasiponipa ng'ombe sitoki."

"Mzee mzima wewe, mbio utaziweza?" mama alimuuliza.

"Kwani nafukuzwa? Nawahi kitanda."

Akaingia mikoroshoni. Tuliona kanzu yake ikipotea na kuonekana, kisha ikapotea.

"Saa ngapi?"

"Tisa na robo," Elia alisema.

Mama alianza kutembea. Mimi nilibaki nimeweka mkono juu ya paa la gari. Nawaambieni ukweli. Nilifikiria taa zangu nne. Mtu yeyote mwenye spana angeweza kuzichukua. Nilitafuta ufunguo wa kufungia mlango, nikafunga mmoja, nikazunguka nifunge wa pili. Nilipoinua macho mama alikuwa amekwisha kuwa mdogo mbele ya njia, anatembea pekupeku, viatu mkononi, na Elia Mchagga ndiye aliyekuwa kando yake amemshika kiwiko. Niliacha ufunguo kwenye mlango nikakimbia.

Kwa miguu

Tulipita kijiji chenye msikiti wa makuti. Wanaume walikuwa wanajipanga kwa sala. Mama aliona, nami niliona. Ilikuwa alasiri. Hakusimama wala hakuuliza saa tena. Alianza kutembea haraka zaidi, akijikwaa, na alipojikwaa mara ya tatu alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wanamtoa sasa."

Baada ya muda mrefu tulikutana na mtu wa baiskeli akitoka upande wa Msanga. Alisimama mwenyewe.

"Nyinyi ndio wa mjini? Binti wa marehemu?"

"Wamezika?" mama aliuliza.

"Wazike wapi? Kaburi lina mtu!" Alikuwa nusu anacheka, nusu amechukia. "Yule Mnyamwezi wenu amelala ndani ya mwanandani, pale pale anapolazwa maiti. Wamempa jogoo, amekataa. Wamempa na mbuzi, amesema mbuzi mdogo. Mwalimu wa msikiti amekasirika, anasema jua linashuka, avutwe miguu. Wazee wanasema mtani havutwi. Sijui watashikilia mpaka lini. Panda, mama, panda."

Mama alikaa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Elia nami tukakimbia nyuma yao, tukila vumbi lao.

Msanga

Jeneza lilikuwa uani, tayari limefunikwa, na wanaume wa kulibeba wamekaa chini. Walisimama walipomwona mama. Wanawake walimpokea wakaingia naye ndani; wakaomba jeneza lirudishwe chumbani, na mzee mmoja alipotaka kukataa, shangazi wa mama alimtazama tu, likarudishwa.

Mimi nilisimama mlangoni. Walifungua sanda usoni. Mama alipiga magoti akainama mpaka mdomo wake ukawa sikioni mwa bibi, akasema naye kwa Kizaramo, taratibu, kama mtu anayeeleza jambo refu. Sikusikia alichosema, na sijamuuliza. Alipomaliza alimpapasa bibi shavu kwa nyuma ya mkono. Akafunika mwenyewe.

Alipotoka macho yake yalikuwa makavu.

"Kibwana. Nenda makaburini. Mwambie Mihambo atoke, kitanda si chake. Sema hivyo hivyo, na sema kwa sauti. Amesema hatatoka mpaka apate neno kutoka kwangu."

"Umtume Elia," nilisema.

"Elia si mjukuu."

Makaburini palikuwa na wanaume labda hamsini. Wengine walikuwa wakibishana, mwalimu amewapa kisogo, na wachimbaji wawili wameegemea majembe. Nilipita katikati yao. Nilisikia wakiulizana huyu nani. Nilifika ukingoni nikatazama chini. Mzee Mihambo alikuwa amelala ubavu, ameelekea kibla kama anavyotakiwa maiti, kanzu yake imechanika begani. Bila shaka mtu alijaribu kumvuta. Miguu yake ilikuwa imechubuka kwa njia ya mikorosho na damu imegandamana na mchanga. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka haraka. Alifungua jicho moja.

Maneno yalitaka kukwama kama kule Buguruni. Lakini alikuwa amelala pale kwa sababu yangu.

"Mnyamwezi wee!" nilisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Mama anasema utoke! Kitanda si chako!"

Kisha mtu akacheka, na wote wakacheka, hata mwalimu alifunika mdomo. Mzee Mihambo hakucheka. Aliniuliza chini chini, nikasikia mimi tu:

"Amemwona?"

"Amemwona."

Alinyoosha mkono nikamvuta juu. Alikuwa mzito. Alipofika ukingoni nilimwambia nisamehe kwa yale ya Pugu. Alijikung'uta mchanga akasema kwa sauti, ili wote wasikie, kwamba kaburi ni jembamba na kikongwe atalalamika. Kisha akaenda nyuma ya mkorosho mmoja akakaa huko peke yake mpaka tulipomaliza kuzika.

Kurudi

Tulikaa siku tatu za matanga. Siku ya nne mama, Elia nami tulirudi kwenye gari na wanaume wanane na miti miwili. Ufunguo ulikuwa bado mlangoni. Hakuna aliyegusa kitu. Mpita njia mmoja alikuwa amefunika kioo kwa kuti lisipigwe na jua. Waliliinua gari kama jeneza wakaliweka pembeni penye nyasi. Kabla ya kuondoka nilizifungua taa zote nne na honi, nikawapa wale wanaume wagawane watakavyo. Elia alikwenda nyuma akaanza kukwangua rangi nyekundu kwa kisu.

Tulirudi polepole sana, mama amekaa mbele. Karibu na Pugu aliniuliza, si kwa ukali:

"Miaka miwili ile ulipokuwa unalitengeneza, ulikuwa unafikiri nani atapanda?"

Nilifikiri mpaka Ukonga. Nilikuwa nimefikiria watu watakaolitazama likipita. Mtu wa kupanda sikuwa nimemfikiria. Nilimwambia hivyo. Akasema "haya", akanyoosha miguu.

Majani ya springi niliyoyatoa nilikuwa nimempa mhunzi wa Ilala, naye ameyafanya mapanga. Imenibidi kutafuta mengine kwenye gari bovu, na kabureta ndogo pia, na kipande cha bomba. Hayo ndiyo mliyoniona nikiyafanya mkadhani nimefilisika au nimeugua. Kijana mmoja alikuja juzi na gari kama langu akataka nimshushie. Nilimwambia naweza, lakini kwanza anieleze huwa anambeba nani. Aliondoka ameudhika.

Kesho kutwa ni arobaini ya bibi. Tutakuwa watano ndani, na gunia la mchele. Tutaondoka alfajiri. Mzee Mihambo ametuma salamu na dereva wa lori la mihogo: anasema tukichelewa tena hatalala mahali popote, atakaa jikoni na pilau yote ataila yeye.